Namna ya kutembelea Tulbagh, kimji cha kale kwenye bonde la mizabibu

Mtu wa kwetu akifika Cape Town na kutaka kuona mashamba ya zabibu, mara nyingi hupelekwa Stellenbosch au Franschhoek. Ni miji mizuri, imezoea wageni, na kila dereva wa watalii anaijua njia. Lakini kwa anayependa historia pamoja na mvinyo, au anayependa historia na hanywi kabisa, mimi humwelekeza Tulbagh.

Tulbagh ni kimji kilichojificha bondeni, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Cape Town. Milima imekizunguka pande tatu: Witzenberg mashariki, Obiqua magharibi na Winterhoek kaskazini. Wenye bonde hapo awali walikuwa Wakhoi, waliolisha ng'ombe na kondoo wao humo. Mwaka 1699 gavana wa Kiholanzi, Willem Adriaan van der Stel, aliliita bonde hilo Land van Waveren, na walowezi wakaanza kugawiwa mashamba. Katikati ya mji kuna mtaa unaoitwa Church Street, wenye majengo 32 yaliyotangazwa kuwa urithi wa taifa. Afrika Kusini nzima hakuna mtaa mwingine wenye majengo mengi ya aina hiyo yaliyokaa pamoja.

Wageni wengi huanza na mvinyo, na mtaa wanaupitia jioni wakiwa wamechoka, wanapiga picha mbili na kuondoka. Mwongozo huu unapanga mambo kinyume chake. Asubuhi ni ya mtaa, mchana ni wa mashamba, na usiku unalala hukohuko. Ukishazijua nyumba na waliozijenga, hata glasi unayopewa shambani unaielewa vingine.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua siku

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo aliyewahi kupita Hombolo au Makutupora anaweza kudhani kwamba shambani hakukosi kitu. Tulbagh mambo ni tofauti. Majira ya baridi mzabibu hupukutisha majani yote ukabaki kijiti kikavu, na mavuno ni mara moja tu, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi.

Msimu wa mavuno una uhai wake. Matrekta yanapita na matela yamejaa, na ukikaribia kiwanda cha shamba unakutana na harufu ya zabibu zinazochachuka. Lakini wenye shamba hawana nafasi ya kukaa na wewe, na joto ni kali kwelikweli. Bonde lililozungukwa na milima hivi hushika joto, na siku nyingine linakaribia nyuzi 40. Ukienda wakati huo, jipange kumaliza matembezi ya miguu kabla ya saa 5 asubuhi.

Juni hadi Agosti kuna mvua na baridi, na vilele vya milima hupata theluji. Mizabibu iko mitupu. Kwa anayetaka kuota moto na kusoma kitabu ni wakati mzuri, ila beba sweta nzito, kwa sababu nyumba hizo za kale zina dari za juu na hazipati joto upesi. Septemba na Oktoba miti ya matunda huchanua na mizabibu hutoa majani mapya.

Mimi ningechagua Aprili au mwanzo wa Mei. Mavuno yameisha, watu shambani wametulia na wana muda wa kuzungumza, jua ni la upole, na majani ya mizabibu yanageuka rangi ya dhahabu na nyekundu. Nenda siku ya kazi, Jumanne hadi Ijumaa. Jumamosi mchana maduka ya miji midogo ya Rasi, yaani eneo la Cape, hufunga mapema, na Jumapili unaweza kukuta karibu kila mlango umefungwa.

Hatua ya 2: Nyaraka

Hili ni fupi. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka, na Mtanzania naye huingia kwa siku 90 bila viza. Wa nchi nyingine waulize ubalozi wa Afrika Kusini kabla ya kukata tiketi. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke ndani ya pasipoti, wala usiifungie kwenye begi kubwa. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja amebaki nyumbani, beba barua yake ya ridhaa.

Pesa ni randi. Kadi za benki zinapokelewa karibu kila mahali, lakini weka noti ndogondogo kwa ajili ya kiingilio cha makumbusho, wahudumu wa kituo cha mafuta na vijana wanaolinda magari.

Hatua ya 3: Kodi gari, na amua mapema nani hatakunywa

Usafiri wa umma wa kwenda Tulbagh ni haba, na hata ukifika kwa namna hiyo, mashamba yametawanyika na hutayafikia kwa miguu. Kodi gari Cape Town. Afrika Kusini huendesha upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo dereva wa Dar es Salaam au Nairobi hapati shida yoyote. Kinachoweza kumshangaza ni kasi ya magari kwenye barabara kuu na jinsi kamera za mwendo zilivyo nyingi. Kampuni nyingine za kukodisha magari huomba leseni ya kimataifa juu ya ile ya nyumbani, kwa hiyo uliza kabla hujaondoka.

Njia ni hii: toka Cape Town kwa N1 hadi Paarl, ingia R44 upitie Wellington, endelea kaskazini, kisha ushike R46 kuelekea Tulbagh. Hapo utapita kwenye uwazi wa milima unaoitwa Nuwekloof. Barabara, reli na mto Little Berg vyote vinabanana katika korongo hilohilo, kisha ghafla bonde linafunguka mbele yako. Safari nzima ni kama saa moja na nusu. Ondoka asubuhi au mchana mapema ili usiendeshe usiku kwenye barabara usiyoijua.

Sheria ya pombe barabarani ni gramu 0.05 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu. Glasi chache za kuonja zinatosha kukuvusha hapo bila wewe kujihisi umelewa. Kwa hiyo kabla hamjaondoka mjini, mmoja akubali kwamba leo yeye ni dereva, na wengine wamheshimu kwa hilo. Kama mnataka wote kuonja, kodini gari pamoja na dereva wake.

Hatua ya 4: Lala usiku mmoja kwenye mtaa wenyewe

Nyumba kadhaa za Church Street zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni. Ukiweza, lala kwenye mojawapo hata kama ni ghali kidogo kuliko vyumba vilivyoko pembeni mwa mji. Faida yake utaiona saa 12 asubuhi, ukitoka nje kabla gari la kwanza la wageni halijaingia mtaani. Weka nafasi mapema kwa Desemba na kwa siku za mwisho wa wiki.

Chakula cha jioni kiulizie wakati unapofika. Jikoni za mji mdogo hazikeshi. Vyakula vya Rasi vitakufurahisha: bobotie, ambayo ni nyama ya kusaga yenye viungo, iliyofunikwa kwa mayai na maziwa kisha ikaokwa, ina asili ya watu walioletwa kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na mtu wa pwani ataonja humo kitu anachokijua. Anayetaka halali azungumze na mwenye nyumba siku chache kabla, au anunue chakula Cape Town na kukibeba, maana mji ni mdogo na chaguo ni chache.

Lugha ya wengi hapo ni Kiafrikana, ingawa Kiingereza kinatosha kabisa. Salamu huja kabla ya shida yako, kama kwetu. Sema *goeie môre* asubuhi, na *dankie* ukipewa kitu. Vijana huwaita wazee *oom* na kina mama watu wazima *tannie*; ukitumia maneno hayo na wenyeji waliokuzidi umri, utapokewa vizuri.

Hatua ya 5: Asubuhi, usome mtaa

Hapa usiharakishe. Tenga saa mbili au tatu.

Anzia kwenye kanisa la kale, Oude Kerk, lililojengwa mwaka 1743. Sasa ni makumbusho, na makumbusho hayo yana nyumba nyingine kadhaa mtaani humohumo. Nunua tiketi, kisha uulize zilipo picha za tetemeko. Ziangalie kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bila picha hizo mtaa utakudanganya.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1969, saa 4 na dakika 3, tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.3 lilipiga bonde hili pamoja na Wolseley na Ceres za jirani. Watu walikufa, na nyumba za udongo zilizokuwa zimesimama zaidi ya karne moja zikapasuka. Tarehe 14 Aprili 1970 likaja tetemeko jingine kubwa. Kwa nchi ambayo watu wake hawakuzoea ardhi kutikisika, lilikuwa pigo la kutisha, na wapo waliosema mtaa ubomolewe na kujengwa upya.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachofanya Church Street iwe ya pekee. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshabadilishwa sana kabla ya tetemeko. Mapaa ya nyasi yalikuwa yameondolewa yakawekwa mabati, na mbele ya nyumba kukaongezwa veranda za mtindo wa Kiingereza. Plasta ilipopasuka, maumbo ya kale yaliyokuwa yamefichwa chini yake yakaonekana. Msanifu Gawie Fagan akaongoza kazi ya kuzirejesha, na mkewe, Gwen Fagan, akafanya utafiti wa historia ya nyumba hizo. Ndani ya miaka michache mtaa ukarudishwa katika sura ya karne ya 18 na ya 19.

Kwa hiyo unachokiona ni kweli ya kale, na papo hapo ni uamuzi wa watu wa miaka ya 1970 kuhusu zamani ipi irudishwe. Mimi naiheshimu sana kazi ile. Hata hivyo ni vizuri mgeni ajue kwamba weupe huu wote na unadhifu huu haukudumu hivyo miaka 200 mfululizo.

Sasa toka nje, uvuke barabara, usimame ukiitazama nyumba moja kutoka upande wa pili. Usijaribu kuzitazama zote. Chagua moja.

Anza juu. Katikati ya paa, juu ya mlango, ukuta wa mbele umepanda na kulipita paa, ukakatwa kwa mikunjo kama kilemba. Kila nyumba ina mikunjo yake, na mara nyingi mwaka umeandikwa hapo. Kilemba hicho kina kazi pia: paa la nyasi likishika moto, ukuta ule huzuia nyasi zinazowaka zisiporomoke moja kwa moja mbele ya mlango, na watu wa ndani hupata njia ya kutoka.

Shuka kwenye madirisha. Mlango uko katikati, madirisha yamegawanywa sawasawa kulia na kushoto, na kila dirisha lina vioo vidogo vingi, kwa kuwa kioo kikubwa kilikuwa ghali na kilivunjika safarini. Mlango wenyewe umekatwa mara mbili kwa upana. Nusu ya juu hufunguliwa hewa na mwanga viingie, ya chini hubaki imefungwa ili kuku na mbwa wasipite.

Chini ya mlango kuna *stoep*. Mtu wa Lamu au Zanzibar hataambiwa ni nini, maana ni baraza: jukwaa la mawe mbele ya nyumba, na kwenye ncha zake mbili mara nyingi kuna viti vilivyojengwa pamoja nalo. Watu walikaa hapo jioni na kuona nani anapita.

Halafu sogea, uguse ukuta. Ni mnene, nusu mita au zaidi, na ukiutazama kwa ubavu utaona haujanyooka. Una mabonde na vinundu, na mwanga wa asubuhi unaupa vivuli. Ikiwa ni chokaa halisi, kidole kitarudi na unga mweupe. Chokaa hiyo hupakwa tena na tena, maana udongo ulio chini yake ukipata maji ya mvua hulainika na nyumba ikaanza kuzama. Weupe unaopendeza kwenye picha ni kinga.

Ukimaliza nyumba moja kwa namna hii, tembea mtaa mzima. Utaanza kutofautisha bila kuambiwa: hii kilemba chake ni cha mviringo, ile ina pembe kali, ile pale imeachwa na umbo la Kiingereza la karne ya 19. Nyumba nyingi zina watu wanaoishi ndani. Usichungulie madirishani, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha barazani kwake.

Hatua ya 6: Ulizia waliojenga

Vibao vya utalii hutaja majina ya magavana, wachungaji na wenye mashamba. Mgeni kutoka Afrika Mashariki ana sababu ya kuuliza zaidi.

VOC, kampuni ya Kiholanzi ya biashara iliyotawala Rasi wakati huo, ilianza kuingiza watumwa kwa wingi Rasi mwaka 1658. Walitolewa Madagaska, India, Sri Lanka, visiwa vya Indonesia, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki. Wao ndio waliofyatua matofali, wakaezeka, wakachimba mifereji, wakapogoa mizabibu na kukanyaga zabibu. Watu waliotoka upande wetu wa bahari walikuwa wengi kiasi cha kupewa jina lao, Masbiekers, likitokana na Msumbiji. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, lakini watu walilazimishwa kubaki kwa mabwana wao miaka minne zaidi, na uhuru kamili ukaja tarehe 1 Desemba 1838.

Hata baada ya hapo, kwenye mashamba ya mvinyo uliendelea utaratibu ulioitwa *dop*: sehemu ya ujira wa mfanyakazi ililipwa kwa mvinyo, vikombe kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Umepigwa marufuku na sheria, lakini ulichelewa kufa, na madhara yake yapo hadi leo. Jimbo la Rasi Magharibi lina viwango vya watoto waliozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni mwa mama ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa duniani. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya leo ni wazao wa watumwa na wa Wakhoi, na makazi yao hayako Church Street.

Nayasema haya kwa sababu ninaupenda mtaa ule, na mtu hawezi kuupenda nusu. Kwa vitendo, mgeni anaweza kufanya mawili. Makumbusho, uliza waziwazi: nani walijenga nyumba hii, majina yao yameandikwa wapi? Na unaponunua mvinyo, tafuta muhuri wa WIETA kwenye chupa. WIETA ni shirika lililoanzishwa mwaka 2002 linalokagua mazingira ya kazi na haki za wafanyakazi wa mashamba ya mvinyo. Muhuri huo haumalizi kila tatizo, ila kati ya chupa mbili za bei moja, mimi huchukua yenye nao.

Hatua ya 7: Pita Drostdy

Kilomita chache nje ya mji kuna jengo kubwa jeupe lililosanifiwa na Mfaransa Louis Thibault na kujengwa kati ya 1804 na 1806 kuwa makao ya hakimu wa wilaya. Mwaka 1822 Waingereza walihamishia makao hayo Worcester. Jengo likaungua mwaka 1934, likatikiswa mwaka 1969, na mara zote mbili likasimamishwa tena. Wanywaji wa Nairobi huenda wanalijua jina bila kujua jengo, kwani mvinyo wa Drostdy-Hof unaouzwa madukani umepata jina hapo. Piga simu kwanza kuuliza kama pako wazi siku hiyo. Pakifungwa, utaliona kutoka nje, nalo linastahili hata hivyo.

Hatua ya 8: Mchana, nenda mashamba mawili

Nasema mawili. Ukienda matatu, la tatu hulikumbuki. Ukienda matano, umelewa na umepoteza pesa.

Piga simu au andika siku kadhaa kabla, kwa kuwa mashamba ya Tulbagh si kama ya Stellenbosch. Mengine hupokea wageni kwa miadi tu. Kula vizuri kabla ya kwenda, na usijipake manukato makali, utawaharibia wengine pua.

Twee Jonge Gezellen ni shamba la mwaka 1710, na ndilo linalotengeneza mvinyo wenye povu wa Krone. Afrika Kusini mvinyo wa namna hiyo huitwa Cap Classique. Mvinyo wa kawaida hutiwa ndani ya chupa pamoja na sukari na hamira, chupa inafungwa, mchachuko wa pili unafanyika humo ndani, na hewa ikikosa pa kutokea hubaki kama povu. Kisha chupa hulazwa gizani kwa miezi mingi. Shamba hili lilitangulia kuvuna zabibu usiku, wavunaji wakiwa na taa kichwani. Sababu yake utaielewa upesi ukiwa umelionja joto la bonde: zabibu iliyochumwa mchana wa Februari huanza kuharibika njiani kabla haijafika kwenye mashine, na ladha yake ya matunda hupungua. Omba uelezwe jambo hili palepale shambani. Ni somo zuri hata kwa asiyekunywa.

Theuniskraal ni shamba la kale pia, lenye sifa ya mvinyo mweupe. Rijk's ni mahali pa kuonja mvinyo wa Chenin Blanc, ambayo ni zabibu nyeupe, na wa Pinotage. Pinotage ni zabibu ya Afrika Kusini yenyewe, iliyopatikana mwaka 1925 wakati Profesa Abraham Perold alipochanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut. Saronsberg inajulikana kwa mvinyo mwekundu wa zabibu za Shiraz, na kuta zake zimepambwa kwa kazi za sanaa. Waverley Hills hulima bila kemikali na ina mizeituni pia, jambo linaloifanya ifae kwa kundi lenye wanywaji na wasiokunywa. Kama ningepewa nafasi ya mawili tu, ningechukua Twee Jonge Gezellen kwa ajili ya simulizi na Waverley Hills kwa ajili ya chakula na utulivu.

Kuonja kwenyewe hakuna siri. Unalipa ada, unawekewa glasi, na mhudumu anamimina funda mbili tatu za kila mvinyo, akianza na nyeupe na kumalizia na nyekundu nzito. Tazama rangi. Zungusha glasi taratibu, unuse, kisha uchukue kiasi kidogo, uzungushe mdomoni kabla ya kumeza. Mezani kuna ndoo ya kutemea, na kutema si utovu wa adabu; wenye kazi hiyo hutema siku nzima. Kunywa maji kila baada ya glasi. Usipoupenda mvinyo, mimina uliobaki kwenye ndoo na useme tu haukukufaa. Mara nyingi ukinunua chupa, ada ya kuonja inapunguzwa au kufutwa, lakini uliza kabla, usidhani.

Anayeendesha na asiyekunywa waseme mapema wakati wa kuweka nafasi. Mashamba mengi huwa na juisi ya zabibu, kahawa, au meza ya kuonja zeituni na mafuta yake. Mwislamu anayefuatana na wenzake kwa ajili ya historia na mandhari hana sababu ya kujieleza kwa yeyote. Akisema sinywi, inatosha, na sijaona shamba linalojali.

Ukitaka kununua, soma lebo. Ikiandikwa *Wine of Origin Tulbagh*, zabibu zote zimetoka bonde hili. Utaratibu huo wa kuthibitisha asili umekuwepo tangu 1973. Jina la aina moja ya zabibu likiandikwa, basi si chini ya asilimia 85 ya mvinyo ni ya aina hiyo. Juu ya shingo ya chupa kuna muhuri wenye namba ya kuthibitisha.

Hatua ya 9: Ondoka kwa njia nyingine

Kama hali ya hewa ni nzuri na dereva amelala vya kutosha, usirudi kwa Nuwekloof. Pitia Wolseley, kisha ushike R301 uvuke Bainskloof hadi Wellington. Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka 1853. Aliyeisimamia ni Andrew Geddes Bain, na waliovunja mawe ni wafungwa. Ni nyembamba, ina kona kali, na pembeni ina kuta fupi za mawe zilizopangwa kwa mkono. Endesha polepole, washa taa, na usisimame kwenye kona kupiga picha. Kabla ya kwenda, uliza mjini kama iko wazi, kwa kuwa hufungwa mara nyingine kutokana na maporomoko au matengenezo.

Chupa ulizonunua usiziache ndani ya gari juani, hata kwa nusu saa. Joto la buti ya gari huharibu mvinyo kuliko safari yenyewe. Kwa ndege, zifunge moja moja kwa nguo, uziweke katikati ya begi linaloingia tumboni mwa ndege, maana begi la mkononi zitanyang'anywa ukaguzini. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima kuingia na lita 2 za mvinyo bila kulipa ushuru. Hizo ni chupa mbili za kawaida za mililita 750 na nafasi kidogo inabaki. Ukizidisha, mwambie ofisa mwenyewe kabla hajauliza, na uwe na risiti mkononi.